Kisima ni kilekile, karatasi ndo imebadilika: kisa cha maji ya kijiji kimoja mashariki ya Mlima Meru

Siku majibu ya maabara yanasomwa kwenye mkutano wa kijiji, mama mmoja wa makamo alinyoosha mkono, akapewa nafasi, akasimama, akajifunga kanga yake vizuri kwanza ndo akauliza, "Mwenyekiti, hiki kisima nakunywa tangu naolewa hapa, mlituambia ni salama, watoto wangu watano wamekua nacho, leo mnasema si salama, sasa kimeingiliwa na nini?" Watu kimya. Mwenyekiti akanigeukia mimi kwa sababu nilikuwa katibu wa kamati ya maji na pia nafundisha jiografia pale sekondari ya kata, akasema mwalimu mjibu mama.

Nilisimama na sikuwa na jibu fupi. Kisima kilikuwa hakijaingiliwa na kitu. Maji yalikuwa yaleyale, mwamba uleule, bomba lilelile, ila kiwango cha serikali cha floraidi, madini yanayotoka kwenye mwamba na kuyeyuka ndani ya maji, kilikuwa kimeshuka na sisi tukabaki juu ya mstari. Nimekaa na swali la yule mama miaka sasa na naona ndani yake kuna somo zima la namna sera inavyokutana na ardhi, kwa hiyo naandika kisa chote kuanzia mwanzo mpaka pale tulipofika, jina la kijiji sitaja, ila ni Arumeru, Halmashauri ya Meru, ukifika Usa River unaiacha barabara kuu ya Moshi na Arusha unapanda kama unaelekea Hifadhi ya Taifa ya Arusha.

Kwanza mjue huu mlima. Meru ni volkano, ililipuka mara ya mwisho 1910, na maelfu ya miaka huko nyuma upande wake wa mashariki ulibomoka wote ukaporomoka chini, ndo maana ukiutazama kutoka kwetu unaona kama bakuli lililomegwa ubavu. Yale mabaki ya mporomoko ndo tumejenga juu yake, ndo tunalima, na ndo maji yetu yanapita humo. Sasa miamba ya volkano ya aina hii ina floraidi nyingi na kalisi kidogo, na hiyo kalisi ndo ingeishika floraidi ikatuama, ikikosekana basi floraidi inabaki imeyeyuka kwenye maji inatembea nayo. Na kadiri maji yanavyokaa muda mrefu ndani ya mwamba ndivyo yanavyobeba zaidi. Kwa hiyo chemchemi ya juu karibu na msitu, maji ya mvua ya juzijuzi tu, mara nyingi ina afadhali, na maji ya chini yaliyosafiri sana yanakuwa mabaya. Maziwa ya Momella pale ndani ya hifadhi ndo mwisho kabisa wa hiyo safari, maji yake ni ya magadi, flamingo wanayapenda, binadamu huwezi.

Wazee wetu hawakuwa na maabara ila maji waliyatazama sana. Angalia majina. Maji ya Chai, mto wenye rangi ya chai. Ngarenanyuki, kwa Kimaasai ni maji mekundu. Yaani mtu alipofika mahali jambo la kwanza kulitaja lilikuwa maji yakoje. Shida ni kwamba floraidi yenyewe haina rangi, haina harufu, haina ladha, maji meupe kabisa ya kung'aa kwenye glasi yanaweza kuwa mabaya kuliko yale ya rangi ya chai, na ukichemsha huiondoi, unapunguza maji tu na yenyewe inabaki, inazidi kukolea.

Inachofanya wote tunakijua. Meno ya kahawia. Mtu wa huku akienda Dar akicheka tu anaambiwa wewe wa Arusha, na nimefundisha mabinti wanaoongea na kiganja mdomoni, wakisimama mbele ya darasa wanaongea wameinamisha kichwa, na jino likishaota limeharibika hakuna mswaki unaolirudisha kwa sababu uharibifu ulifanyika mtoto akiwa mdogo jino likiwa bado linatengenezwa ndani ya fizi. Hayo ni meno. Ikizidi sana kwa miaka mingi inaingia mifupani, viungo vinakakamaa, mgongo haugeuki, na watoto wengine miguu inapinda. Bibi mmoja jirani yetu akitaka kukuangalia anageuka mwili mzima kwa sababu shingo haigeuki, na miaka yote watu walisema ni uzee.

Sasa turudi kwenye karatasi. Shirika la Afya Duniani linasema mwisho ni miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania mwaka 1974 ilitoa viwango vya muda vya maji ya kunywa, na kwa vijijini ikaruhusu floraidi mpaka miligramu 8. Nane! Nilipoisoma mara ya kwanza nilikasirika, nikaona walitutoa kafara. Baadaye nikaielewa, ingawa kuielewa sio kuikubali. Wakati ule nchi ilikuwa kwenye mpango mkubwa wa maji vijijini ulioanza 1971, wa kwamba kufikia 1991 kila mwananchi apate maji ndani ya mita 400 kutoka anapoishi. Ukiweka 1.5 halafu ukapima Arusha, Singida, Shinyanga na sehemu za Kilimanjaro, utafunga vyanzo vingi sana na watu watarudi kunywa maji ya madimbwi na malambo, wafe kwa kipindupindu na kuhara kabla hata meno hayajaota. Kwa hiyo jiografia ndo iliyoandika ile namba 8. Baadaye ikashushwa ikawa 4, na kiwango cha 2018 kikaileta 1.5, sawa na dunia.

Kisima chetu kilichimbwa miaka ya 90 na wafadhili. Kipimo chake kilikuwa zaidi ya 4 na chini ya 8. Ona sasa kilivyopita maisha yake: kinazaliwa ni halali, katikati hapo kinakuwa kimezidi na hakuna aliyekuja kutuambia, mwishoni kinakuwa kimezidi mara kadhaa ya kinachotakiwa. Na miaka yote hiyo kwenye taarifa za maji kijiji chetu kilihesabiwa kimefikiwa na huduma, kwa sababu Sera ya Maji ya 2002 nayo ilishika palepale, kituo kimoja cha kuchotea kihudumie watu 250, kiwe ndani ya mita 400, mtu apate lita 25 kwa siku. Sisi vyote tulikuwa navyo. Umbali tunao, lita tunazo, idadi ya watu inakubali. Ukisoma karatasi utasema hawa wamemaliza.

Ila ukisimama pale kisimani asubuhi unaona kitu kingine. Nilikuwa napita nikienda shule saa 12 na nusu, naona akina mama wenye punda wanakipita kisima wanaenda juu, mwendo wa saa nzima na zaidi kwenda na kurudi, kufuata chemchemi ya kijiji cha jirani. Kisimani walikuwa wanachota maji ya kufua na ya ng'ombe. Nilimuuliza mmoja kwa nini, akasema "maji ya huku chini yanapindisha watoto, mama mkwe alishaniambia." Yaani wale kina mama walikuwa wameshatunga sera yao miaka mingi kabla ya kamati kuwa na hata faili. Wenye punda na wenye nguvu wanakunywa ya juu, wasio na punda, wajane, wagonjwa, wenye watoto wachanga mgongoni wanakunywa ya kisima. Hilo liliniuma kuliko hata majibu ya maabara.

Kilichoanzisha mambo ni fundi kijana wa maji aliyekuja kupima, akachukua sampuli kwenye chupa ya plastiki, nikamuuliza mbona sio ya kioo kama za maabara ya shule, akaniambia kioo kinaathiri floraidi. Wiki kadhaa baadae majibu yakaja na maelekezo kwamba kisima kisitumike kwa kunywa na kupikia. Basi. Maelekezo yaliishia hapo, mbadala hakuna. Ndo ukaitishwa ule mkutano.

Mawazo yalitoka mengi na nitaeleza yale tuliyoyajaribu kweli. Kuna mheshimiwa mmoja alisimama akaahidi kisima kirefu zaidi, watu wakapiga makofi, na nilielewa kwa nini, kisima kirefu kinasikika kama maendeleo, mashine inakuja, vumbi, picha. Nikaomba kuongea. Nikachora chini kwa kijiti, mlima, mvua, maji yanavyoshuka ndani kwa ndani, nikasema kwa mwamba wetu kuchimba chini zaidi ni kufuata maji yaliyokaa zaidi, tunaweza kulipa hela nyingi tukatoa maji mabaya kuliko haya. Fundi aliniunga mkono, akasema ameshaona sehemu imetokea hivo. Wazo likafa pale, na mheshimiwa kwa kweli nampa heshima yake, hakulilazimisha.

Tukajaribu mkaa wa mifupa. Hii ni teknolojia ya kwetu kabisa, kituo cha utafiti cha Ngurdoto wamefanya nayo kazi muda mrefu, mifupa ya ng'ombe inachomwa kwa moto uliopimwa, inasagwa chengachenga, inawekwa kwenye ndoo ya chujio, maji yakipita floraidi inanasa. Inafanya kazi kweli, tulipima kabla na baada. Nilikuwa nayo nyumbani na nilikunywa hayo maji. Lakini angalia maisha yalivyo: chenga zikishajaa floraidi hazinasi tena na kwa macho huwezi kujua, maji yanatoka yaleyale meupe, kwa hiyo lazima ubadilishe kwa tarehe, na kubadilisha ni hela na ni safari. Mifupa ikichomwa vibaya maji yananuka, na mama akishanusa mara moja tu ndoo inageuka ya kuwekea unga. Nyumba moja nilikuta kuku wamelalia ndani. Sio ujinga wao, ni kwamba tulimhamishia mama wa nyumbani kazi ya mtambo mzima wa kusafisha maji na hatukumuongezea hata saa moja kwenye siku yake.

Maji ya mvua yalisaidia waliokuwa na bati na simtank. Mvua haina floraidi. Lakini masika ikiisha Mei na vuli ikichelewa, tenki la lita 1,000 familia ya watu sita haliwavushi kiangazi hata wakinywa tu. Na magadi pia tuliongea, kwa sababu wengi tunaweka magadi kwenye maharage na makande yaive haraka, na magadi ya maziwa haya yana floraidi yake, kwa hiyo mtu anaweza kunywa maji mazuri akaila kwenye sahani. Hilo baadhi ya wamama walilibeba wakaacha, wengine walisema kuni zitatuishia, na wana haki, kuni nazo ni mlima mwingine.

Ikabaki chemchemi ya juu. Kwa mlima hii ndo akili ya kawaida, mradi wa mserereko, hakuna pampu hakuna dizeli, maji yanashuka yenyewe. Ila chemchemi iko kijiji kingine na imeshikwa na mfereji wao wa migomba na kahawa toka enzi za babu zao. Kisheria maji ni mali ya umma na yanasimamiwa kwa mabonde, nchi imegawanywa mabonde tisa na kwa upande wetu maji yanaposhuka kwenda Kikuletwa tuko Bonde la Pangani, kwa hiyo kwenye makaratasi mwamuzi wa mwisho ni kibali cha bonde. Ila ukienda na kibali tu bila wazee utakuta bomba limekatwa usiku. Sio kwamba watu wa juu ni wabaya. Januari na Februari mfereji unapungua mpaka unaona changarawe, zamu za maji zinafika za usiku wa manane, halafu watu wa chini wanakuja na karatasi wanataka bomba.

Kikao cha kwanza kilivunjika. Cha pili walikuja washili, yaani viongozi wa koo, wa pande zote mbili, tukakaa chini ya mringaringa, na mzee mmoja wa juu, shikamoo yake nilimpa mara mbili kwa sababu nilikuwa naogopa, akaanza kuongea mbali kabisa na maji. Akaongelea 1951. Wanaojua historia ya Meru wanajua, serikali ya kikoloni ilitaka mashamba ya wazungu kati ya Meru na Kilimanjaro yawe kipande kimoja kisicho na mwafrika katikati, tume ya jaji Wilson ilishapendekeza, na Novemba 1951 Wameru wakaondolewa Engare Nanyuki, nyumba zikachomwa, wakaambiwa waende Kingori, kule chini kwenye joto na malaria. Msemaji wao Kirilo Japhet akapelekwa mpaka Umoja wa Mataifa 1952 kulalamika. Mzee akasema baba yake alikuwa kwenye wale walioondolewa. Akasema, "Mtu alikaa na karatasi, akaona kwenye karatasi kuna nafasi Kingori, hakuona mbu, hakuona maji, akapiga mstari. Sasa na nyie mmekuja na karatasi. Hiyo karatasi yenu imeuona mfereji wangu?"

Nakiri nilikuwa sina mfereji wake kwenye karatasi. Ramani tuliyobeba ilikuwa na mipaka ya vijiji, barabara, shule, na vituo vya maji. Mifereji haikuwepo hata mmoja, wakati kule juu mfereji ndo mpaka, ndo urithi, ndo sheria. Nikamwomba mzee atupitishe. Tukatembea mfereji wote na vijana wangu wa kidato cha tatu, tukauchora, tukaandika nani anachepusha wapi na siku gani, ikachukua siku mbili. Na hapohapo vijana wakafanya kazi nyingine, wakapita nyumba kwa nyumba kijijini kwetu kuhesabu madumu. Sio madumu yote, madumu ya kunywa na kupikia tu. Kaya nyingi zikawa zinaishia madumu mawili ya lita 20 kwa siku, yaani kwa familia ya watu sita ni kama lita 7 kwa mtu.

Hii hesabu ndo ilifungua kila kitu. Kwa sababu mradi ulioandikwa mwanzoni ulikuwa unaomba lita 25 kwa kila mtu, kama sera ilivyosema, na lita 25 ndo zingeua mfereji. Lakini ng'ombe hahitaji maji ya chemchemi kuliko mtoto, na kufua hakuhitaji kabisa. Tukarudi kwa wazee tukasema hatuombi maji yenu yote, tunaomba ya kinywa na ya sufuria, bomba jembamba, na tenki letu lijae zile saa za usiku ambazo kwa zamu zenu mfereji haufunguliwi. Mzee akauliza mara tatu kama kweli hatutaongeza bomba baadae. Ikaandikwa. Ikasainiwa pale, na wao wakadai koki moja ya kwao shuleni kwenye njia ya bomba, jambo ambalo tulipaswa kuwa tumelifikiria sisi kwanza.

Mtaro tulichimba kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, kila kaya kipande chake, bomba na tenki hela zilitoka huku na huku kwa muda mrefu na sitaki kuwachosha. Sasa hivi kijiji kina maji mawili. Koki za kisima zimepakwa rangi nyekundu, za kufua, mifugo, kumwagilia bustani na kujenga. Koki ya chemchemi ni ya bluu, unachota madumu mawili kwa kaya, asubuhi, mwenye mgonjwa au mtoto mchanga anaanza. Punda wamepungua barabarani.

Halafu ikaja siku ya kujaza fomu ya huduma, na hapa ndo nilielewa ukubwa wa tatizo. Fomu inauliza kituo kinafanya kazi, ndiyo au hapana. Kisima kinafanya kazi, ila hakinyweki. Chemchemi inanyweka, ila haitoi lita 25. Ukisema ndiyo kwa kisima, unarudi kudanganya kama miaka yote. Ukisema hapana kwa vyote viwili, kijiji kinaonekana hakina huduma hata kidogo na kazi ya watu inafutika, na jua kwamba juu huko kulikuwa na lengo la asilimia 85 vijijini ifikapo 2025, kwa hiyo kila namba ilikuwa na mtu anayeisubiri. Dada aliyekuwa anajaza, mstaarabu kabisa, aliniangalia akasema mwalimu hapa hamna kisanduku cha hii kitu yenu.

Msimamo wangu ni huu. Kushusha kiwango mpaka 1.5 ilikuwa sahihi na ilichelewa sana, mwili wa mtoto wa Meru hauna mkataba tofauti na floraidi. Wanaosema turudishe 4 kwa mikoa ya kaskazini kwa sababu ya miamba yetu sikubaliani nao hata kidogo, mwamba ni sababu ya serikali kutumia hela nyingi zaidi kwetu, haiwezi kuwa sababu ya sisi kunywa sumu zaidi. Jiografia inatakiwa iingie kwenye namna ya kufika kwenye kiwango. Lita 25 za aina moja, mita 400 za kila mahali, hiyo ni sera iliyotungwa kama vile nchi yote ni tambarare na maji yote ni mamoja. Kwa Rufiji inaweza kukaa vizuri. Kwa mlima wenye volkano, maji yagawanywe mawili, ya kinywa na ya kazi, yapimwe tofauti, yahesabiwe tofauti, yawe na bajeti tofauti, na fomu iwe na kisanduku chake. Na ramani ya mradi wowote wa maji huku isipitishwe kama mifereji haijachorwa.

Na hizo mita 400 nazo nina neno nazo. Zinapimwa kama ndege anavyoruka. Kijijini kwetu kuna kitongoji kiko ng'ambo ya korongo, ukisimama kwenye koki ya bluu unawaona watu wa ng'ambo, unaweza kumsalimia mtu akakuitikia, kwenye ramani ni ndani ya duara la mita 400 bila shaka yoyote. Kwa miguu unashuka korongoni, unavuka mawe, unapanda upande wa pili umeshika mizizi, ukiwa na dumu kichwani ni karibu nusu saa, na masika mto ukijaa haupitiki kabisa. Wale wanahesabiwa wana maji. Wengi bado wanakunywa ya kisima, kwa sababu koki moja nyekundu iko upande wao.

Mwezi uliopita nilikuwa ng'ambo kule kwenye msiba, nikakaa karibu na mtoto wa kama miaka saba, mapengo mbele, jino moja jipya ndo linatokeza, nikajikuta naliangalia. Lilikuwa na mistari. Mama yake akaniona naangalia, akamvuta mtoto karibu yake, akasema, "Mwalimu, bomba la kuvuka mlisema lini?"

Bomba la poli, la plastiki, haliwezi kuning'inia pale, panataka bomba la chuma na nguzo mbili za zege, na moja ya hizo nguzo inaangukia kwenye shamba la mzee ambaye bado hatujakubaliana nae. Jumamosi tunaenda kwake tena, na safari hii tumeomba wazee wa juu watusindikize.